Akiba ya Kikosi katika Mbio za Baiskeli za Siku Moja

(Mazungumzo ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, Tabora, katika sherehe za kutimiza miaka kumi)



Tumeagizwa na Halmashauri kusema machache juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaona halistahili kuwekwa kati ya habari za tumbaku, asali na hesabu za mwaka. Jambo lenyewe ni mbio za baiskeli. Kesho kutwa vijana wa vyama vyetu watashindana kutoka Urambo hadi hapa Tabora, mwendo wa kilometa 90 hivi. Na kesho asubuhi ninyi wajumbe mtapiga kura juu ya pendekezo la Halmashauri, kwamba zawadi isipewe tena mtu mmoja aliyetangulia kufika, bali ipewe kikosi cha watu watano cha chama chake, nao waigawe sawasawa.

Ofisini kwetu zimefika barua tatu za kulipinga pendekezo hili, na moja ya kuliunga mkono. Barua ya kwanza yauliza kwa maneno makali: aliyetoka jasho ni mmoja, mbona walao wawe watano? Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kusema tu kwamba umoja ni nguvu. Twataka kulijibu kwa kueleza jinsi mbio hizi zinavyoendeshwa na wale ambao ndiyo kazi yao ya kujipatia riziki. Maana wengi wetu tumepanda baiskeli tangu utoto, tukichukua robota la tumbaku au madebe ya asali katika karia, lakini hatujapata kuitazama baiskeli kwa jicho la mshindani.

Adui mkubwa wa mpanda baiskeli mahali tambarare si umbali, wala si uzito wa chuma, bali ni hewa. Mtu akiongeza mwendo maradufu, hewa humrudisha nyuma kwa nguvu mara nne. Kila mwanachama aliyetoka Usoke kuja mjini mwezi wa Julai, upepo wa mashariki ukimpiga kifuani, anayajua haya bila kufundishwa. Lakini yule aliye nyuma yake, akiwa amelisogelea gurudumu la mwenzake kwa kadiri ya shibiri mbili, hupata kivuli cha upepo, naye huokoa robo au hata theluthi ya nguvu zake. Katikati ya kundi kubwa huokoa zaidi. Basi mtu mwenye nguvu akikaa mbele saa nzima anamtumikia kila aliye nyuma yake, apende asipende, hata aliye mpinzani wake. Ndiyo sababu katika mbio hizi mara nyingi mwenye mapafu makubwa kuliko wote hushindwa na mwenye kujificha vizuri.

Sasa, nani atakubali kukaa mbele? Mwenye akili timamu hatakubali, isipokuwa kama nyuma yake yuko mtu ambaye ushindi wake ni ushindi wao wote wawili. Kikosi kimezaliwa hapo. Hakikubuniwa na watu wapendao kuhubiri upendo; kilibuniwa na upepo.

Katika mbio kubwa za siku moja za Ulaya kikosi kimoja aghalabu huwa na watu saba. Mmoja wao, au wawili, ndio wanaotazamiwa kushinda. Waliobaki Wafaransa wamewaita kwa neno lenye maana ya mtumishi wa nyumbani. Jina hilo halipendezi, lakini kazi yao ni ya fundi. Hukaa mbele kukinga upepo. Hurudi nyuma kwenye motokaa ya kikosi kuchukua chupa za maji, wakazishindilia mifukoni na ndani ya fulana, kisha wakakanyaga tena hadi mbele kuwagawia wenzao. Nahodha akipata pancha, aliye karibu humpa gurudumu lake, au baiskeli yenyewe, akabaki kando ya njia akingojea motokaa. Wapinzani wakichomoka, watumishi hao ndio wanaovuta mpaka pengo lizibwe. Na wakiisha kumaliza nguvu, katika mbio za siku moja hawana haja ya kuendelea, kwa kuwa hakuna kesho ya kuitunzia miguu. Wengi hushuka wakaingia motokaani, na katika orodha ya matokeo huandikwa kwamba hawakumaliza. Twaomba mlizingatie neno hilo. Mtu aweza kuwa amevuta kilometa 150, na karatasi ikasema hakumaliza.

Wazee wetu wa Unyanyembe wasingeshangazwa na habari hii. Barabara ya Urambo inaelekea kule kule ilikoelekea njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ikafika Kazeh, yaani Tabora hii, ndipo ikaendelea mpaka Ujiji. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh mwezi wa Novemba 1857, aliandika kwamba kirangozi ndiye aliyetangulia, na mpagazi aliyethubutu kumpita alichomolewa mshale mmoja katika podo lake, ili ajulikane mwisho wa mwendo. Si kwamba kirangozi alikuwa na nguvu kuliko wote. Misafara haikukwepa upepo, ilikwepa kutawanyika. Pembe kubwa isiyochukulika na mtu mmoja ilifungwa katika mti, ikachukuliwa na wawili, mzegazega. Na hapo urefu wa hatua ya mmoja ulikuwa shauri la mwenzake. Katika Mgunda Mkali, maji yakiwa mbali, walipiga tirikeza, yaani walianza kutembea tena mchana jua likiwa kali, wakalala pasipo maji, ili asubuhi wayafikie. Msafara uliokwenda hivyo bila mtu wa ziada, wapagazi wawili wakiugua, mizigo miwili ilibaki porini. Kwa hiyo wenye busara walichukua watu wa akiba, ingawa kila mtu wa akiba alikuwa kinywa cha kulishwa.

Neno hilo, akiba, ndilo tunalotaka kulitumia usiku huu. Watu husema akiba haiozi, wakifikiri mahindi ghalani. Katika mbio za baiskeli akiba ni watu, tena si watu wowote. Kikosi chaweza kuwa na watu saba na kisiwe na akiba hata kidogo, endapo wapinzani wanajua kwamba mmoja tu ndiye awezaye kushinda. Watamwekea macho huyo mmoja, basi, kazi imekwisha. Lakini kikosi chenye watu wawili au watatu wawezao kushinda kina silaha ambayo haimo miguuni mwa yeyote.

Tuseme katika kilometa za mwisho wamebaki watu watatu: wawili wa chama kimoja, na wa tatu wa chama kingine, naye ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Wa kwanza wa wale wawili anachomoka. Mwenye nguvu hana budi kumfukuza. Wa pili hafanyi kazi yoyote; amekaa nyuma ya gurudumu la mfukuzaji, anapumzika, tena kwa haki, kwa kuwa hakuna sheria wala adabu inayomtaka amfukuze ndugu yake. Mfukuzaji akimfikia wa kwanza, wa pili anachomoka. Ni kama wanawake wawili watwangao kwa michi miwili katika kinu kimoja: mmoja akiinua, mwingine anashusha, na kinu hakipati nafasi ya kupumua. Mwenye nguvu atashindwa, si kwa sababu wenzake wana kasi kuliko yeye, bali kwa sababu yeye analipa kila mara na wao wanalipa kwa zamu.

Ziko mbinu nyingine. Kikosi humpeleka mtu mbele mapema, saa mbili kabla ya pambano, si ili ashinde, bali ili nahodha atakapochomoka amkute mtu wake njiani, mwenye kumkinga upepo hapo ambapo wapinzani hawana mtu. Na wakati wote ambao mtu huyo yuko mbele, wenzake walio nyuma hawalazimiki kuvuta. Wapinzani ndio wavutao. Mtaona kwamba faida ya akiba huonekana zaidi kwa kazi ambayo watu wengine wanalazimishwa kuifanya.

Ushahidi upo. Ziko mbio ziitwazo Paris–Roubaix, zilizoanza mwaka 1896, za zaidi ya kilometa 250, na sehemu ya njia ni mawe yaliyopangwa mashambani, mabaya kuliko barabara yetu yoyote wakati wa masika. Mwaka 1996 kikosi cha Kiitalia cha Mapei, kampuni itengenezayo gundi za ujenzi, kilishika nafasi zote tatu za kwanza: Johan Museeuw, Gianluca Bortolami na Andrea Tafi. Walifika pamoja, wenyewe kwa wenyewe, hakuna mpinzani aliyeonekana. Mwaka 1998 Mapei wakashika tena nafasi zote tatu: Franco Ballerini, Tafi, na Wilfried Peeters. Mwaka 1999 wakafanya hivyo mara ya tatu: Tafi, Peeters, na Tom Steels. Mtazameni huyo Tafi. Alikuwa wa tatu, akawa wa pili, akawa wa kwanza. Mwaka 1996 alikuwa na miguu, na aliwaacha wenzake watangulie. Zamu yake ilikuja baada ya miaka mitatu.

Lakini hatutaki kuwapambia hadithi. Mtazameni na Peeters. Alikuwa wa tatu mwaka 1998, wa pili mwaka 1999, na katika mbio hizo hakupata kuwa wa kwanza kamwe. Kikosi hakiahidi zamu kwa kila mtu. Mwenye kuwaambia vijana wetu kwamba kila atakayevuta leo atavutwa kesho anawadanganya, na baadaye watamdai. Kwa hiyo basi, kama zamu haina hakika, malipo hayana budi yawe na hakika. Ndiyo desturi iliyoenea kati ya vikosi vya kazi huko Ulaya: fedha za zawadi huwekwa katika chungu kimoja, zikagawanywa kwa waliovuta na waliovutwa. Mwenye kushinda hubaki na jina lake na heshima yake, na hayo si kidogo, kwa kuwa mwaka unaofuata ataandikiwa mkataba mnono.

Mwandishi wa barua ya pili anatoka katika chama chenye wanachama themanini tu, na hofu yake ni nyingine. Asema: vyama vikubwa vina vijana mia wa kuchagua, sisi tuna wanne na mmoja wao ana kidonda; mkiweka zawadi kwa kikosi, mmetufungia mlango. Hofu hii twaiheshimu kuliko ile ya kwanza, maana ni kweli kwamba akiba humfaa aliye nayo. Hata hivyo twaomba asikilize habari hizi.

Mwaka 2015, mwishoni mwa Februari, kule Ubelgiji, katika mbio ziitwazo Omloop Het Nieuwsblad, walibaki watu wanne mbele. Watatu walikuwa wa kikosi kimoja, nao si watoto: Tom Boonen, Niki Terpstra na Stijn Vandenbergh. Wa nne alikuwa Mwingereza mmoja mpana wa mabega, Ian Stannard, peke yake. Watatu kwa mmoja! Kwa hesabu tuliyoieleza sasa hivi Stannard alikuwa amekwisha kufa. Wakamshambulia, akawafikia. Wakamshambulia tena; akawafikia tena, kisha akashambulia yeye. Mwisho alibaki na Terpstra, akampita mbele ya utepe. Watu wa kazi ile wanaizungumza siku hiyo hata leo. Twaonavyo sisi, walikuwa na michi mitatu lakini hawakutwanga kwa zamu. Kila mmoja alikuwa na nguvu ya kushinda na hakuna aliyekuwa tayari kuharibikiwa kwa ajili ya mwingine mapema kiasi cha kutosha. Akiba isiyokubali kutumika ni mzigo tu.

Mfano wa pili ni wa wanawake, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, tarehe 25 Julai 2021. Uholanzi ilipeleka wanne, na kila mmoja wao angeweza kuwa bingwa wa dunia. Austria ilikuwa na mmoja tu, Anna Kiesenhofer, mwalimu wa hesabu za juu ambaye wakati huo hakuajiriwa na kikosi chochote. Alichomoka pamoja na wachache tangu mwanzo kabisa wa mbio, akawaacha wenzake mmoja mmoja, akabaki peke yake. Katika mbio za Olimpiki hairuhusiwi kuwa na redio masikioni kama ilivyo katika mbio za kazi. Waholanzi waliwafikia waliokuwa wamechomoka, wakadhani wamewamaliza wote, kumbe mmoja bado yuko mbele. Annemiek van Vleuten alipofika alinyosha mikono juu kwa furaha, akidhani ameshinda. Alikuwa wa pili. Wanne hodari, wala hapakuwa na mmoja kati yao aliyejua hesabu ya watu walio barabarani! Wanachama wenye kutunza daftari la mizani watatuelewa upesi.

Labda mtasema hayo ni mambo ya mbali. Basi twende jirani. Kutoka Tabora hii palikuwa na tawi la njia ya misafara lililokwenda kaskazini, kuelekea Karagwe. Speke na Grant walilifuata mwaka 1861. Leo motokaa hupita Kahama na Rusumo, ikaingia Rwanda. Huko Kigali, kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, yalifanyika mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, mara ya kwanza katika bara letu la Afrika. Katika mashindano haya watu hawavai fulana za kampuni zao bali za nchi zao, na redio haziruhusiwi.

Siku ya wanaume njia ilikuwa kilometa 267.5, na jumla ya milima waliyopanda ilizidi meta 5,000, karibu na kimo cha Kilimanjaro kutoka usawa wa bahari. Walioanza walikuwa zaidi ya 160; waliofika walikuwa 30. Hao wengine wote waliandikwa neno lile tulilolitaja. Tadej Pogačar wa Slovenia alichomoka kilometa zaidi ya 100 zikiwa zimebaki, juu ya Mlima Kigali, na waliomfuata walikuwa Juan Ayuso wa Hispania na Isaac del Toro wa Meksiko. Sasa, hao wawili siku nyingine za mwaka walikuwa wenzake wa kikosi kimoja cha kampuni. Siku hiyo fulana zao zilikuwa mbalimbali. Hatukusudii kumshutumu mtu. Lakini kila mwenye macho alijiuliza, hapo penye watu watatu, kikosi ni kipi? Mwisho Pogačar aliwaacha wote wawili akaenda peke yake mpaka utepe. Remco Evenepoel wa Ubelgiji, aliyebadilisha baiskeli mara mbili njiani, alikuwa wa pili, na Ben Healy wa Ireland wa tatu. Njia yenye milima mingi namna ile hupunguza kivuli cha upepo, kwa kuwa mtu hupanda polepole, na akiba ya kikosi humalizika mapema. Anabaki mtu na mlima. Lazima tuliseme hilo, ingawa haliusaidii upande wetu.

Siku iliyotangulia, wanawake walikimbia kilometa 164.6 katika vilima vile vile. Wakubwa waliotazamiwa walikuwemo. Wakaangaliana. Kila mmoja akangoja mwingine avute, maana anayevuta humfaidia asiyevuta. Na wakati wanaangaliana hivyo, waliochomoka walikwenda zao. Akashinda Magdeleine Vallieres wa Kanada, msichana ambaye watu wachache walikuwa wamemtaja asubuhi ile.

Na mwenzetu wa Afrika Mashariki, Biniam Girmay wa Eritrea? Tarehe 27 Machi 2022, akiwa na umri wa miaka 21, alishinda mbio za Gent–Wevelgem huko Ubelgiji, Mwafrika wa kwanza kuzishinda. Kikosi kilichoogopwa siku hizo kilikuwa Jumbo-Visma. Siku mbili kabla, katika mbio nyingine, watu wao wawili, Wout van Aert na Christophe Laporte, walifika pamoja bila mpinzani karibu. Katika Gent–Wevelgem walichomoka wanne wa vikosi vinne, Laporte mmoja wao na Girmay mmoja wao. Van Aert alikuwa nyuma katika kundi, wala hakuweza kumfukuza mwenzake. Hiyo ndiyo akiba tuliyoieleza, lakini oneni jinsi ilivyogeuka: kwa kuwa Jumbo-Visma walikuwa na mtu mbele, kundi la nyuma lilipoteza mvutaji wake mkubwa, na aliyefaidika ni Girmay pia. Wale wanne walipokezana upepo kwa uaminifu, ushirika wa nusu saa usio na katiba wala ada ya kiingilio, mpaka utepe ulipoonekana. Hapo kila mmoja akakumbuka fulana yake, na Girmay akaanza mbio za mwisho kutoka mbali, akawashinda.

Kwa hiyo tumwambie nini ndugu yetu wa chama cha watu themanini? Kwamba mlango haukufungwa, bali una kizingiti. Chama kidogo hakitashinda kwa kupigana na chama kikubwa toka Urambo. Kitashinda kwa kumpeleka mtu wake katika kundi linalochomoka, ambamo vyama vikubwa tayari vina watu wao, na kukaa humo. Zaidi ya hayo Halmashauri imependekeza vipengele viwili kwa ajili yake. Kwanza, hakuna chama kitakachozidi watu watano, hata kiwe na wanachama elfu. Pili, vyama viwili vyenye wanachama chini ya mia vinaweza kuungana na kutoa kikosi kimoja. Lakini waungane hadharani, kwa fulana moja na kwa kuandikwa daftarini, maana jambo lile la Kigali hatutaki lije kutugombanisha hapa.

Barua ya tatu yahofu kwamba vyama vyenye fedha vitaajiri wapanda baiskeli kutoka miji mingine. Hili halina mjadala mrefu. Kila mshindani awe mwanachama, au mtoto wa mwanachama anayeishi naye, ambaye mazao yake yamepita katika mizani ya chama msimu huu. Makatibu wa vyama vya msingi wataleta daftari.

Imebaki ile barua ya kuunga mkono. Tumeiweka mwisho kwa kuwa ndiyo iliyotufanya tuandike haya yote. Aliyeiandika ni kijana aliyekuwa wa nne katika mbio zetu za mwaka jana. Alivuta kutoka Usoke mpaka tulipoanza kuiona miembe ya mji, upepo ukiwa wa kifua, na nyuma ya gurudumu lake alikuwa kijana wa chama chake mwenyewe, ambaye alimpita mwishoni akashinda. Mshindi hakutenda kosa lolote. Ndivyo alivyopaswa kufanya, na sheria zilikuwa hivyo. Alipewa baiskeli mpya na fedha. Wa nne alipewa makofi. Katika barua yake halalamiki. Auliza jambo moja tu: mwaka huu akae mbele tena, au ajifiche? Asema anaweza kufanya lolote katika hayo mawili, na angependa kujua kabla ya siku ya mbio.

Hatujamjibu. Jibu lake ni kura yenu. Mkisema zawadi ni ya mmoja, jibu ni kwamba ajifiche, na kila kijana mwenye akili atajificha, nasi tutaona mbio za watu hamsini wanaoangaliana toka Urambo hadi Tabora kwa mwendo wa kwenda sokoni. Mkisema ni ya kikosi, shilingi 1,500,000 zitagawanywa kwa watano, kila mmoja 300,000, naye wa kwanza ataongezewa baiskeli ili asionekane kama amenyang'anywa. Tumeulizwa, je, mtu wa tano akiwa mvivu, akaja nyuma akipiga soga? Watakuwako waangalizi wanne juu ya pikipiki, wenye kuandika ni nani aliyevuta, wapi, na kwa muda gani. Na asiyeonekana mbele hata mara moja, fungu lake litarudi kwa wenzake. Kwa mara ya kwanza basi tutakuwa na karatasi isemayo zaidi ya nani alitangulia na nani hakumaliza.

Kura itapigwa kesho saa tatu asubuhi katika ukumbi huu, kwa kunyosha mikono, chama kimoja kura moja. Majina ya washindani yafike ofisini kabla ya saa kumi jioni. Baiskeli ziwe za kazi, zisizo na gia. Karia yaweza kuondolewa, breki haziondolewi. Mbio za wanawake zitaanzia Usoke saa moja na nusu, na kwao nao sheria ya kikosi ni ile ile, isipokuwa watu watatu badala ya watano. Motokaa ya maji itasimama mahali pawili tu, kwa hiyo kila kikosi kiamue mapema nani atakayeshuka kuchukua chupa za wenzake.